Kamba Katika Bustani ya Shangazi

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo yamestaafu kabla yangu na hayana mpango wa kurudi kazini. Juzi jirani yangu mkunga aligonga mlango mpaka mkono ukamvimba, nami nimo ndani namwagilia miche na kujisemea jinsi dunia ilivyotulia. Anakusalimu sana. Chiriku hajambo? Bado anaongea mpaka usingizini? Mwambie bibi yake anamwekea maneno, akiyamaliza ya kwake aje achukue mengine.

Barua yako nimeichoma kama ulivyoagiza. Niliisoma mara mbili, nikaitia jikoni. Mchoro wa Chiriku, ile nyumba yenye miguu, ulinitoa machozi, lakini nao umekwenda motoni kwa sababu nyuma yake uliandika jina la mtaa wenu. Sijui tunaficha nini wala tunamficha nani, ila wewe ukisema choma, mimi nachoma.

Sasa bustani. Mvua ya kwanza imeshuka na udongo umelainika. Nimelima matuta yote ya mbele na lile la chini ya dirisha. Makopo ya miche yamejaa dirishani hata pazia halifungiki. Waridi zimetoa macho mekundu. Ua la mke wa fundi saa limechipua, la karani wa posta limeoza, kama nilivyotarajia kwa kitu chochote kilichopita mikononi mwake. Unanijua, majina ya maua ya kwenye vitabu sina. Ua mimi nalijua kwa mtu aliyenipa na mahali alipolitoa, basi. Zile mbegu zako ulizochuma nyuma ya chumba cha kufulia zimewashinda wote. Zimeota siku chache tu baada ya kuzifukia, majani yake ya zambarau upande wa chini, mazuri ajabu. Nimezipa tuta la dirishani, mahali pa heshima.

Na nimepata msaidizi! Uzio wangu ulikuwa umelala chini kama mlevi, akapita bwana mmoja, fundi, akasimama, akauinua. Sikumwita. Akarudi kesho yake na misumari. Malipo hataki, anakula chakula anashukuru. Hawezi kupanda kitu bila kuvuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta ili mstari unyooke, kwa hiyo nimemwita Bwana Kamba. Mkunga anasema nimepata mchumba. Nimemwambia mchumba wa umri wangu awe na meno machache zaidi.

Haya, niulize lile ninalouliza kila mara. Mumeo mliachana kwa nini? Kwenye harusi yenu sikufika kwa sababu ya mguu, picha hukunitumia, na sasa ndoa imekwisha hata sijamjua mkwe wangu kwa sura. Sikulazimishi. Lakini nauliza.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Chiriku ameanza shule na mwalimu wake amemhamisha kiti mara kadhaa kwa sababu ya mdomo. Kazi ni ile ile, mashuka ya hospitali kutoka asubuhi, mvuke mpaka nywele zinalowa. Wenzangu ni watu wema. Kuna mama mmoja wa upande wa pasi anayenigawia chai yake. Mpe mkunga salamu zetu.

Nimefurahi kuhusu mbegu. Yale maua yanaota kandokando ya bomba la maji ya moto, hakuna anayeyapanda wala kuyatunza. Nilipoyaona nilikukumbuka.

Kuhusu mume wangu, tulishindwana, Shangazi. Ndoa nyingi huwa hivyo.

Nakuomba tena usimwambie mtu yeyote tulipo. Hata mkunga. Simu nimeitupa na sitanunua nyingine, kwa hiyo ni barua tu, na wewe na simu mlikwisha kugombana zamani.

Huyo fundi ni mtu wa wapi? Ana umri gani? Alijuaje kwamba unaishi peke yako? Nauliza tu.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilinuna. Barua nzima ya kutoka mbali, na nusu yake ni kunihoji kama askari! Mimi si mtoto. Nimeshona sare za shule ya mji mzima, nimezika mume, nimejenga nyumba, halafu wewe niliyekubeba mgongoni unaniuliza nani kaingia kwangu. Sasa nimenunua, yaani nimeacha kununa, tuendelee. Mguu haujambo. Mkunga amezalisha mapacha, anatembea mtaani kama aliyewazaa yeye.

Bustani inatia moyo. Miche yote imetoka kwenye makopo na kuingia ardhini. Konokono walianza karamu, nikawamwagia majivu. La mke wa fundi saa limekwisha kutoa vitumba. Lako limefika urefu wa kiganja na linataka kutambaa nje ya tuta, lina utundu kama aliyelituma.

Hapo ndipo mimi na Bwana Kamba tulipokorofishana kidogo. Nilitoka asubuhi nikakuta ameng'oa kila mche ulioota nje ya mstari. Si magugu, maua yangu! Ile miche inayojiotea yenyewe ndiyo naipenda kuliko yote. Ameilaza juu ya jiwe imepangwa vizuri, mizizi upande mmoja. Nilipomuuliza alicheka kwanza, akacheka muda mrefu, kisha akasema, "Mama, kitu kikizoea kuota kinapotaka, hukipati tena." Sikuipenda ile sauti, na mimi sauti siisikii, niliiona usoni.

Lakini kwa mengine ni mstaarabu, lazima niseme haki. Anazungumza amenielekea ili nisome midomo, watu wengine wananisemesha wamenipa kisogo. Ananawa mpaka viwiko kabla ya kushika udongo, na baadaye tena. Bomba la uani analikaza hata mimi siwezi kulifungua, nikitaka maji inabidi nimwite yeye. Mlango wa mkunga ameupaka rangi bure. Ufunguo wa geti la nyuma nimempa, nimechoka kukimbilia mlango ambao siusikii ukigongwa.

Na anapenda maua! Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivi. Tulizunguka tuta kwa tuta, namweleza hili la nani, hili la nani, naye anauliza. Siku moja alinikuta nachoma barua yako. Akauliza, "Ya nani hiyo, Mama?" Nikamwambia ya mpenzi wangu. Tulicheka wote wawili.

Ndoa nyingi huwa hivyo, umesema. Sawa. Nimepokea jibu, ingawa silo nililouliza.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza.

Nimesoma yale ya bomba nikakaa chini sakafuni, hapo hapo kwenye kikapu cha mashuka. Miaka yote niliyoishi na mume wangu sikuwahi kufungua maji mwenyewe. Nilikuwa naita, naye anakuja akipenda. Wakati mwingine hapendi.

Tafadhali mtazame mkono wa kushoto bila yeye kujua. Kidole kidogo kinakunjika? Cha mume wangu hakikunjiki, kilibanwa na mlango alipokuwa kijana. Mtazame pia anapokosea jambo au wewe unapolikosea. Huwa anacheka kwanza. Anacheka muda mrefu, kisha anaacha.

Nilikuandikia kwamba tulishindwana. Hatukushindwana. Nilimtoroka, Chiriku nimemfunga mgongoni na mdomo wake nimeuziba kwa kanga. Viatu vya nyumba ile vilipangwa ukutani kwa mstari. Siku moja Chiriku aliviacha vyake katikati ya chumba. Yaliyofuata siyaandiki. Mkono ulipona na ndio anaoandikia shuleni, lakini mwalimu ameniuliza kwa nini kiwiko hakinyooki nami nimesema alianguka.

Mahali pa kwanza tulipokimbilia alitupata kwa sababu ya simu. Ndiyo maana sina. Nimefikiria kumpigia mkunga kwa simu ya mtu, kisha nikakumbuka kwamba huyo fundi amempaka rangi mlango. Simu huacha namba, na yeye namba moja inamtosha.

Sasa niambie hili moja, na usinifiche kwa kuniogopa wala kwa kunihurumia. Mlipozunguka bustani, kwenye tuta la dirishani ulimwambia nini?

Sijui nikimbie au nikae. Nikikimbia bila sababu nitakuwa nimemtoa mtoto shule na kuacha kazi bure. Nasubiri jibu lako. Kila mwanamume anayepita dirisha la mvuke namhesabu kuwa ni yeye.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kidole hakikunjiki.

Sikuhitaji hata kukitazama tena. Nilipofika kwenye neno hilo katika barua yako nilikumbuka jinsi anavyoshika kikombe. Nilidhani ni maringo.

Nilimwambia. Alisimama mbele ya tuta la dirishani, akalisifu, akauliza, "Na hili zuri la nani?" Nami nikajibu kama ninavyojibu kila mtu kwa kila ua. Hilo la mtoto wa kaka yangu, kalichuma nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, na mji nikautaja. Mwanangu, mimi wala sikuona kwamba nimekutaja wewe! Barua nilizichoma, jina la mtaa nililichoma, mkunga nilimnyima. Ua ndilo lililonitoka kinywani, kwa sababu ua si siri, ua ni la kutambulishwa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na hivyo ndivyo nilivyokuuza.

Naye ameondoka. Aliondoka kabla barua yako haijafika. Alisema amepata kazi mji mwingine. Aliomba kipande cha ua lako aende nacho, akakata shina mwenyewe, akalitia kwenye kopo na udongo wangu. Nami nikamfungia mkate wa njiani. Nilimfungia mkate!

Naogopa. Sijawahi kuogopa ndani ya nyumba hii, hata mwaka ule mume wangu alipofariki. Hapo zamani ukimya ulinipumzisha. Sasa nageuka kila dakika kutazama nyuma yangu, maana mtu anaweza kuwa amesimama pale na nisijue. Mkunga analala hapa. Kufuli la geti tumelibadilisha. Kamba zake nimezikata zote, na bomba mkunga amelifungua kwa koleo.

Ondokeni hapo. Usisubiri mwisho wa mwezi, usisubiri mshahara. Njooni nyumbani. Yeye akiwa huko, ninyi muwe huku. Sioni njia nyingine.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Usijilaumu, au ujilaumu baadaye tukiwa pamoja na nafasi ya kulia. Mimi ndiye niliyekunyima ukweli. Ningekueleza tangu mwanzo, geti usingelifungua.

Amefika. Barua yako niliipokea asubuhi, na kabla ya mchana mlinzi wa lango la hospitali akaja chumba cha kufulia na kusema kuna bwana mpole nje, ameshika ua kwenye kopo, anamuulizia mkewe anayefanya kazi hapa, aliyempoteza kwa bahati mbaya. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa bahati mbaya. Mlinzi alikuwa karibu kulia kwa huruma. Mama wa pasi ndiye aliyemjibu, akasema mtu wa namna hiyo aliacha kazi zamani. Kisha akanipitisha kwenye mlango wa mashuka machafu, tukaenda kumchukua Chiriku shuleni kwa njia ya nyuma.

Tumejificha kwake tangu siku hiyo. Chiriku haongei. Anauliza kitu kimoja tu, kama viatu vyake viko sawa.

Mama wa pasi amemwona tena langoni mara kadhaa, anasubiri. Tangu juzi hajamwona, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Lakini siwezi kubaki kwenye chumba cha mtu milele. Tutapanda basi la Alhamisi ya wiki ijayo, linaloingia kwenu mchana. Usije kutupokea. Usitoke kabisa. Fanya kazi zako bustanini kama siku zote, ili mtu akipita aone hakuna jipya. Tutakuja wenyewe kwa njia ya uani kwa mkunga.

Barua hii ichome.

Mwanao


18 Mei, stendi ya mabasi

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu, nisamehe. Naandikia gotini kwenye benchi na kalamu ya mama wa tiketi.

Amerudi. Jana nilitoka kumwagilia nikamkuta ameinama kwenye tuta la dirishani. Kufuli jipya hakulivunja, aliruka ule uzio alioujenga mwenyewe. Alikuwa anavuta kamba mpya. Akanyanyuka, akanielekea vizuri nisome midomo, akasema, "Huko hawapo, Mama. Basi watakuja hapa. Wana nani mwingine?" Kisha akanawa mikono mpaka viwiko na kuniuliza kama kuna chai.

Nilimpa chai. Nilikaa naye mezani nikizungumza habari za konokono, mwanangu. Barua yako ilikuwa imekwisha kuungua, namshukuru Mungu, siku hajui wala basi halijui.

Uliniambia nisitoke. Lakini nikikaa nyumbani mtakuja moja kwa moja mikononi mwake, na barua siwezi kuituma kwa mtu ambaye yuko njiani. Usiku alilala barazani, nami sikuthubutu kutoka. Leo asubuhi alipokuwa nyuma anakata mbao nilipitia uani kwa mkunga, nimevaa kandambili za bustani, kama mtu anayekwenda kuazima chumvi. Mkunga alikwenda kituo cha polisi. Hajarudi. Mimi nikaja huku.

Nilidhani nimemwacha. Nimekaa hapa kitambo kizuri ndipo nilipoinua macho nikamwona benchi la upande wa pili, karibu na ofisi ya mizigo. Alinipungia mkono. Hajasogea. Mimi sitoki nyumbani miezi na miezi, leo nimetoka mbio kwenda stendi. Kwa nini asinifuate? Akili yote hiyo ya kutoroka, na sikusikia hata hatua za mtu nyuma yangu.

Nimekwenda kwa mlinzi wa stendi. Akaniuliza, "Ni mumewe wa ndoa?" Nikasema ndiyo. Akasema hayo ni ya nyumbani, mama, wayamalize wenyewe. Nilimwonyesha kiwiko changu nikamweleza cha mtoto, akadhani naumwa.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Mama wa tiketi ndiye anayepanda kwanza kila basi linapoingia, kabla mtu hajashuka. Ana binti wa umri wako, nimemweleza yote, hakuniuliza swali hata moja. Barua hii atakupa yeye mkononi, atajifanya anakagua tiketi. Basi hili halilali hapa, linaendelea mpaka mwisho wa barabara. Nauli ya mbele nimemlipa. Mwisho wa barabara muulizie dada yake, anauza vitambaa mbele ya stendi ya huko, atawapokea.

Usishuke. Hata ukisikia mtu anakuita kwa upole. Hata ukiona nimeanguka. Usisimame kwenye kiti, usisogee dirishani. Chiriku mlaze chini kati ya miguu yako umfunike kanga, na kama ulivyomziba mdomo siku ile, mzibe tena, anisamehe. Akijua bibi yake yuko hapa ataniita. Mimi sitamsikia, lakini yeye atamsikia.

Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Nisipokuandikia, usije kuuliza kwa nini.

Vumbi limeinuka pale kona, watu wameanza kubeba mizigo yao. Naye amesimama. Miaka mingapi sijauona uso wako, na wa Chiriku sijauona kabisa, nilitaka kujua kama amechukua macho ya kaka yangu. Basi likisimama mimi nitaligeuzia mgongo na kutazama barabara, kama mtu aliyekuja kumsubiri mgeni wa gari jingine.